Hodhi la Kijani na Hukumu ya Maji

Mwenye nyumba wa Nyali, pale Mombasa, arejeapo safari akakuta hodhi lake la kuogelea limegeuka kijani, kuta zikiteleza kwa utando wa mwani na sakafu isionekane tena, huwa hana shaka moyoni mwake kwamba maji yale yameharibika. Walakini lau angemwendea fakihi wa madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yaliyoenea pwani yetu tangu dahari, akamwuliza iwapo yafaa kutawadhia, angejibiwa kwamba yafaa. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277 na ambaye Minhaji yake ingali ikisomeshwa katika darasa zetu, ameandika kwamba maji hayadhuriki kwa kugeuka kunakotokana na kukaa sana, wala kwa tope, wala kwa mwani, wala kwa vitu vilivyomo mahali yanapokaa na yanapopita, kwa kuwa ni muhali mtu kuyakinga na mambo hayo. Waliokuja baadaye wakaongeza jambo moja la kufurahisha: mwani uliojiotea umesamehewa, bali ule uliotwangwa ukatiwa majini kwa makusudi haukusamehewa.

Wazee wetu wa Lamu waliufahamu upole huu, maana katika mabirika ya nyumba zao walifuga visamaki vya kula viluwiluwi vya mbu, na hakuna aliyesema kwamba kisamaki kimemharibia udhu wake.

Ama upande wa pili hukumu ni kali. Maji yasiyofika kullateni, yaani ujazo wa sanduku lenye dhiraa moja na robo kwa urefu, kwa upana na kwa kina, yakiingiwa na najisi huwa najisi, hata yakiwa maangavu na matamu; na yakifika kiasi hicho hayanajisiki ila rangi, ladha au harufu yake igeuke kwa najisi hiyo. Hodhi la mita 8 kwa 4, lenye kina cha mita moja na nusu, huchukua lita 48,000, kwa hiyo limekipita kiasi hicho zaidi ya mara mia mbili. Sasa, maji mengi kama hayo yakiwa yamegeuzwa na najisi, kisha mageuko yakaondoka yenyewe au kwa kuongezwa maji mengine, yamerejea kuwa twahara. Lakini yakitiwa miski hata harufu mbaya isisikike, au zafarani hata rangi isionekane, hayajatwaharika, na kwa kauli yenye nguvu zaidi hata udongo na chokaa hazifai kitu. Mafakihi walihofu kwamba kilichofichwa kimedhaniwa kuondoka. Mimi naiona mas-ala hii kuwa ndiyo falsafa nzima ya mlango wa maji, ingawa wanafunzi wengi huipita mbio wakikimbilia nguzo za udhu.

Na ajabu ni kwamba fundi wa hodhi, ambaye pengine hajapata kufungua kitabu cha fiq'hi, huikuta mas-ala hiyo hiyo mikononi mwake. Kwanza husugua kuta kwa brashi ili utando ung'oke, kwani dawa haipenyi vizuri chini yake. Kisha husawazisha kipimo cha pH kiwe baina ya 7.2 na 7.6, kwa sababu kikipanda kufika 8 sehemu ya klorini iliyo na nguvu ya kuua hubaki kama robo tu. Halafu hutia klorini nyingi jua likishachwa, maana mwanga wa jua huila, na pampu huiacha ikizunguka usiku na mchana, huku akiliosha chujio kila linapoziba. Ukijani huondoka, na mahali pake huja weupe kama wa maji yaliyooshewa mchele, ambao mwenye nyumba asiye na subira huudhani kuwa dawa imeshindwa, kumbe ni mizoga ya mwani uliokufa. Hapo ndipo vishawishi huanza. Shabu ikitiwa, vumbi lile hushikana na kuzama, na alfajiri maji huwa yameng'aa. Lakini uchafu wote umelala sakafuni, na usipofyonzwa ukamwagwa nje kabisa, mtoto wa kwanza kurukia majini atauamsha. Hata ile harufu kali ipandayo puani, ambayo wengi huihesabu kuwa ushahidi wa usafi, aghalabu ni klorini iliyokwisha kushikana na jasho na mkojo wa waogeleaji: hodhi lililotunzwa, lenye miligramu 1 hadi 3 za klorini katika kila lita, karibu halinuki.

Basi fakihi na fundi wanapatana juu ya kuficha, na wanahitilafiana juu ya mwani, kwa kuwa mmoja huuliza ni maji gani yamfaayo mja kusimama mbele ya Mola wake, na mwingine huuliza ni maji gani hayatamdhuru mtoto macho, masikio na tumbo. Si insafu kumtumia mmoja kumnyamazisha mwenziwe. Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliwalaumu watu waliozama katika wasiwasi wa maji, akiwakumbusha kwamba Sayyidna Umar alitawadha kwa maji ya mtungi wa mwanamke wa Kinasara. Akatamani hata madhehebu ya imamu wake mwenyewe, katika suala la maji, yangekuwa mapana kama ya Malik. Kisha akaipanga twahara daraja nne, ya mwili ikiwa ya chini, ikifuatwa na ya viungo kuepukana na dhambi, na ya moyo kuepukana na tabia mbovu, na ya siri ya nafsi kuepukana na kila asiyekuwa Mungu. Husuda iliyofukizwa udi wa maneno matamu, nadhani, angeihukumu kama maji yaliyotiwa miski.

Lakini msomaji mwenye hodhi nyumbani asishughulike na daraja za juu akasahau iliyo mbele yake. Maji yenye ukungu, yawe twahara au najisi, humficha mtoto aliyezama hata aliyesimama ukingoni asimwone. Maadamu tundu la kutolea maji lililo chini kabisa halionekani wazi, lango lifungwe kwa kufuli, na mtu yeyote asiingie.