CHUMA NA MIZANI: MCHANGANYIKO WA HALALI NA MCHANGANYIKO WA GHISHI

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa milima na vyote alivyovificha ndani yake. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba wake. Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Masisi na Walikale,

Ijumaa ya leo tunaziusia nafsi zetu kwanza, kisha ninyi, tumche Mwenyezi Mungu katika kazi inayolisha nyumba nyingi za waumini hapa kwetu, nayo ni kazi ya madini. Ukifungua Surat al-Hadid, aya ya 25, utaona Mwenyezi Mungu ametaja mambo matatu mahali pamoja: Vitabu alivyowateremshia Mitume, mizani ili watu wasimamie haki, na chuma chenye nguvu kali na manufaa kwa watu. Zingatia mpango huo. Mizani imetangulia, chuma kimefuata. Anayetaka manufaa ya chuma na akaiacha mizani, amechukua nusu ya neema na kuiharibu yote.

Ndugu yangu, je, umewahi kujiuliza lile jiwe unalolitoa shimoni linakwenda kufanya nini? Metali nyingi zikiwa peke yake ni dhaifu. Chuma kitupu ni laini. Kikitiwa kaboni kidogo, isiyofika hata sehemu mbili katika mia, kinakuwa chuma cha pua, na ndicho kilichotengeneza tindo na nyundo unazochimbia. Shaba tupu hupindika, lakini ikichanganywa na bati, kiasi cha sehemu moja katika kumi, inakuwa bronzi, metali ngumu ambayo watu wa zamani walitengenezea mapanga na vyombo. Metali iliyochanganywa namna hiyo wataalamu huiita aloi.

Sasa tazama kasiteriti ya Walikale. Ndani yake mna bati. Bisie ilijulikana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati vijana walipokuwa wakibeba magunia ya kilo 50 kwa miguu msituni, na ndege zikitua juu ya barabara pale Kilambo kuyachukua. Mwaka 2019 kiwanda kikubwa kilianza uzalishaji hapo, na mwaka 2024 kilitoa zaidi ya tani 17,000 za bati. Karibu nusu ya bati ya dunia huishia kwenye lehemu, ile metali fundi wa redio na simu anayoiyeyusha ili kuunganisha nyaya. Na hapa ipo ishara kwa wenye akili. Bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 za joto, risasi kwenye nyuzi 327. Ukizichanganya kwa kipimo cha 63 kwa 37, zinayeyuka kwenye nyuzi 183, chini ya zote mbili! Kipimo kikikosewa, hali hiyo haipatikani. Siku hizi, kwa kuwa risasi ina sumu, viwanda vingi huweka fedha kidogo na shaba kidogo mahali pake. Lakini bati imebaki palepale.

Na koltani ya Rubaya, huko Masisi, imebeba tantali, metali isiyoyeyuka mpaka joto lifike nyuzi zipatazo 3,000. Unga wake hutengeneza vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Ikitiwa kidogo katika nikeli, hutoa aloi ya mapanga ya injini za ndege, yanayozunguka ndani ya moto mkali bila kulegea. Basi huenda abiria aliyeketi juu ya mawingu, akimwomba Mola wake amfikishe salama, amebebwa na jiwe lililotoka mikononi mwa kijana wa Masisi ambaye hajawahi kupanda ndege.

Enyi waja wa Mwenyezi Mungu, kuunganisha metali kwa ajili ya manufaa si jambo geni katika dini yetu. Katika Surat al-Kahf tunasimuliwa habari ya Dhul-Qarnayn. Watu walionyanyaswa walimwomba awajengee kizuizi, wakataka kumlipa. Yeye hakutaka mali yao, aliwataka wamsaidie kwa nguvu zao. Akapanga vipande vya chuma, akaamuru vivuviwe moto mpaka vikawa vyekundu, kisha akavimiminia shaba iliyoyeyuka. Adui hakuweza kuupanda ukuta ule wala kuutoboa. Na alipomaliza hakujisifu, alisema ni rehema itokayo kwa Mola wake. Huo ndio mchanganyiko wa halali: umefanywa mbele ya macho ya watu, kwa kipimo, na aliyeufanya hakumla mnyonge.

Lakini uko mchanganyiko mwingine, nao ni ghishi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni akaingiza mkono ndani ya rundo la nafaka, vidole vikakuta majimaji chini. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu waione, kisha akatangaza kwamba mwenye kughushi si pamoja naye. Tujipime wenyewe. Yule anayetia mchanga mweusi wa chuma ndani ya gunia la kasiteriti ili lizidi uzito, ametofautiana nini na mtu wa nafaka? Na mnunuzi anayepima koltani kwa mashine yake, akaona asilimia 30, akamwambia mchimbaji ni 20, huyo Surat al-Mutaffifin imemtaja tangu aya zake za kwanza: akipokea hutaka kutimiziwa, akiwapimia wengine hupunguza.

Yuko pia anayechanganya mzigo wa shimo moja na wa jingine ili asili yake ipotee. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwisho wa mwaka 2024, walieleza jinsi koltani ya Rubaya ilivyovushwa mpaka na kuchanganywa na ya nchi jirani. Koltani haina sauti ya kusema ilitoka wapi na nani alilia juu yake. Januari 2026 ardhi iliporomoka Rubaya, ikaua watu zaidi ya 200, wakiwemo wanawake na watoto. Tanuri la kiwandani huchoma uchafu wote wa jiwe, lakini haki ya marehemu haichomeki. Itasimama mbele ya Mizani Siku ya Kiyama.

Dawa yake tumeonyeshwa. Siku ya Khaybar, sahaba Fadala bin Ubayd alinunua mkufu wa dhahabu na shanga kwa dinari 12. Alipoutenganisha akakuta dhahabu yake inazidi dinari 12. Mtume (S.A.W.) akafundisha kwamba usiuzwe mpaka utenganishwe. Kijulikane kwanza kilichomo, ndipo bei ifuate.

Basi tunawausia mambo matatu. Kwanza, kipimo kifanywe mbele ya muuzaji na mnunuzi, wote wakiona, na kiandikwe. Pili, usimtie mtoto shimoni, wala usinunue mzigo ambao unajua umeporwa. Tatu, mwenye akiba ya dhahabu ajue usafi wake kabla ya kuhesabu zaka. Dhahabu ya karati 18 ni sehemu 18 kati ya 24, iliyobaki ni metali nyingine. Mwenye gramu 100 zake ana gramu 75 safi, hajafikia nisabu ya gramu 85. Mwenye gramu 120 ana gramu 90 safi, naye amefikia.

Ewe Mola wetu, warehemu waliofukiwa na udongo wakitafuta chakula cha watoto wao. Wape subira wajane na yatima wao. Tupe riziki ya halali ijapokuwa kidogo, utuepushe na ya haramu ijapokuwa nyingi, na uteremshe amani juu ya milima hii. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Karatasi hii ina majina ya Mwenyezi Mungu. Usiitupe wala usifungie vitu. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.)