Mstari wa Asilimia 91

Muulize mtu Tena inaishia wapi na Umoja inaanzia wapi. Ajenti wa nyumba atakupa jibu moja, makanga atakupa lingine, na mwenye mkokoteni wa maji ana lake. Hakuna anayekudanganya. Kila mmoja amechora mstari pale unapomfaa.

Sasa chukua muhogo, ule wa kukaanga unaouzwa jioni na pilipili na ndimu. Mmea wake hushikwa na ugonjwa ambao Watanzania huuita batobato: majani yanajikunja na kupata mabaka ya njano, mizizi inabaki myembamba. Mjerumani Warburg aliueleza tangu 1894, kutoka Usambara. Unaletwa na virusi vya familia ya Geminiviridae, jina lililotokana na neno la Kilatini la mapacha, maana kila chembe ni vigamba viwili visivyokamilika vilivyogandana. DNA yake ni uzi mmoja uliojifunga duara. (Virusi vingi vya mimea hutumia RNA, kwa hivyo hawa mapacha ni watundu kidogo.) Vile vya muhogo hugawa DNA yao vipande viwili, A na B, kila kipande na kifurushi chake, na kwa kawaida inzi mweupe asipoleta vyote viwili ugonjwa haushiki.

Kwa kundi hili, begomovirusi, wataalamu walikubaliana hivi: DNA-A zikifanana kwa asilimia 91 au zaidi, hiyo ni spishi moja. Kabla ya 2015 mstari ulikuwa 89. Yaani virusi viwili vinavyofanana kwa asilimia 90 vililala ndugu vikaamka majirani, na hakuna herufi moja ya DNA iliyobadilika.

Je, tunapoainisha tunagundua kitu au tunakiunda? Naona tunafanya yote mawili. Mfanano upo, tuwepo tusiwepo. Lakini ile 91 ni yetu, na wanasayansi hawafichi: waliandika, wakatoa sababu, wakausogeza mstari mchana kweupe. Linganisha na landilodi anayekuuliza jina la tatu kabla hajakuonyesha chumba. Yeye pia ana mstari wake, ila ataapa kwamba ulichorwa na Mungu.

Kuna atakayesema, basi tutupe majina yote. Zii. Miaka ya 1990 batobato kali iliteketeza mihogo ya Uganda, watu wakalala njaa. Mwaka 1997 ikaonyeshwa kwamba kirusi kilichohusika ni chotara: spishi ya Afrika Mashariki iliyojibandika kipande cha jeni ya ganda kutoka spishi nyingine. Kama spishi hizo mbili hazingekuwa na majina tayari, uchotara huo ungeonekanaje?

Chotara huyo akaitwa wa Uganda. Baadaye akapatikana magharibi mwa Kenya, maana inzi haonyeshi kitambulisho mpakani, na mkulima akipewa vipande vya shina na shemeji yake wa ng'ambo hawezi kuvikataa. Jina lilibaki la Uganda.