Je, Aliyesaidiwa Ana Deni?

Katika misitu ya mashariki ya Amerika ya Kaskazini huishi salamanda mwenye madoa. Umbo lake ni kama la mjusi, lakini ngozi yake ina unyevu kama ya chura. Ni mweusi mwenye madoa ya manjano. Baridi ikiisha, jike hutaga mayai dimbwini ndani ya ute mzito. Humo huingia mmea mdogo mno wa kijani. Mmea huo huwapa watoto waliomo mayaini hewa ya kupumua, nao huulisha kwa uchafu utokao miilini mwao. Mwaka 2011 wataalamu walionyesha kwamba huingia hata ndani ya chembe za miili yao. Lakini salamanda akikomaa huliacha dimbwi, akaenda zake kuishi chini ya majani na magogo.

Kuna pia likeni iitwayo pafu, iotayo juu ya magome ya miti huko Ulaya na Amerika. Huonekana kama jani moja, kumbe ni ushirika. Mwaka 1867 Simon Schwendener wa Uswisi alifundisha kwamba likeni ni kuvu na mmea wa kijani pamoja. Wengi walimkatalia, lakini alisema kweli. Katika pafu wamo watatu: kuvu hujenga nyumba na kutunza maji, mmea wa kijani hufanya sukari kwa nguvu ya jua, na bakteria huvuta naitrojeni hewani. Wakitengana, likeni haipo tena.

Yupi mwema? Wengine watasema: likeni ni mwaminifu, salamanda hana shukrani. Hukumu hiyo si ya haki. Salamanda hakuvunja ahadi yoyote, wala likeni haikushinda kishawishi cha kuondoka. Pasipo hiari hapana sifa wala lawama.

Mwanadamu ana hiari. Kijana aliyelelewa na shangazi na kulipiwa karo na mjomba, akienda kufanya kazi mjini, hakosi kwa kuondoka, kwa maana mtoto hukuzwa ili atembee kwa miguu yake. Hukosa akiwapita njiani kama wageni, au akisikia njaa yao na kunyamaza. Yeye anajua ni nani aliyemlisha.

Naye mlezi asimzuie mtoto asiondoke kamwe. Akifanya hivyo, amemnunua, hakumsaidia. Basi mlezi ampe ruhusa ya kwenda, na kijana asisahau njia ya kurudi.