Ihsani kwa Mteja Asiyerudi



Siku hizi ukiingia benki au kampuni ya simu utaambiwa kuwa mteja ni mfalme. Sina ugomvi na maneno hayo. Ninalojiuliza ni hili: tunamhudumia vizuri kwa sababu ni mtu, au kwa sababu ana fedha na anaweza kuhamia duka la jirani?

Mwanafalsafa wa Ujerumani, Immanuel Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitaja mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo. Kwa Kant, hilo peke yake halithibitishi uadilifu, maana huenda ni hesabu ya mfanyabiashara anayelinda jina lake. Mfano huu si mgeni kwetu hapa Bujumbura. Watoto wa Buyenzi hutumwa dukani kununua sukari ya kupima. Mtoto wa jirani atapimiwa sawasawa, maana akipunjwa mama yake atakuja juu. Je, mtoto wa mgeni anayepita?

Utaniambia kutafuta faida ni halali. Kweli kabisa. Mtume (S.A.W.) mwenyewe alifanya biashara, akasafiri na mali ya Bi Khadija mpaka Sham. Lakini faida ikiwa ndiyo mzizi wa wema wetu, wema huo utakauka pale faida inapokwisha.

Dini yetu ina kipimo kingine. Katika hadithi aliyoipokea Shaddad bin Aws, iliyomo katika Sahihi Muslim, tunafundishwa kuwa Mwenyezi Mungu ameamrisha ihsani katika kila jambo, na mfano unaotolewa ni wa kuchinja: mchinjaji anoe kisu chake, asimtese mnyama. Nimeitafakari sana hadithi hii. Mnyama yule hatarudi kesho kununua. Hatashukuru, wala hatakwenda kumshtaki mtu kwa meneja. Hana cha kumlipa mchinjaji, na bado ana haki ya ihsani. Ikiwa mnyama anayo, sembuse bibi kizee aliyesimama dirishani na fomu asiyoweza kuisoma?

Kwa hiyo naona ubora wa huduma haupimwi kwa tajiri anayekaribishwa kiti. Unapimwa kwa asiye na pa kwenda: mgonjwa ambaye hospitali iliyo karibu ni moja tu, mkulima aliyefuata karatasi yake komini, mwanafunzi mpya asiyejua ofisi ipi aanzie. Hawa hata wakikaripiwa watarudi, kwa kuwa hawana njia nyingine.

Ndugu zangu, baada ya miaka michache wengi wetu tutakaa upande wa ndani wa dirisha hilo. Ihsani huko si jambo kubwa. Ni kuanza kwa salamu, kueleza mara ya pili bila kununa, na kusema ukweli kwamba karatasi haitakuwa tayari kesho, ili mtu asipoteze nauli yake bure. Meneja anaweza asiyaone hayo, na mteja anaweza asirudi kushukuru. Anayetuona yupo, na kwake hakuna huduma inayopotea.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe miongoni mwa wafanyao ihsani. Amin.