Nyumba ya Baba, Bati la Nani?

Wagiriki wa kale walikuwa na fumbo lao la meli. Plutarch ameliandika: meli ya shujaa Theseus ilihifadhiwa Athens, na kila ubao ulipooza wakautoa na kutia mpya, mpaka wanafalsafa wakaanza kubishana kama ile bado ni meli ileile au ni nyingine. Darasani fumbo hili ni mchezo wa akili. Mnabishana, mnacheka, mnakwenda kula. Ukitaka kuliona likiwa na meno, njoo Ifakara ukae kwenye kikao cha familia baada ya arobaini. Marehemu keshazikwa, wali umeliwa, wageni wa mbali wanaangalia saa ya basi, na mtu mmoja anauliza kwa sauti ya upole kabisa: "Sasa jamani, na ile nyumba?"

Tuseme nyumba iko Viwanja Sitini. Mzee aliijenga kwa pesa ya reli, TAZARA ilipokuwa inapita bondeni kati ya 1970 na 1975. Vyumba vinne, tofali za kuchoma zilizoshikwa kwa udongo, bati juu. Watoto watano: wawili wako Dar, mmoja Morogoro mjini, mmoja kaolewa Mahenge, na mmoja kabaki. Huyu aliyebaki ndiye ninayetaka tumzungumze. Simsemi mtu fulani. Kila mtaa wa Ifakara unaye, na pengine hata wewe unayesoma unaye, au ndiye wewe.

Hebu tuuangalie mwaka wake. Bonde la Kilombero limekaa kati ya milima ya Udzungwa upande huu na milima ya Mahenge upande ule, na maji ya pande zote mbili yanateremka kwetu. Kwa hiyo nyumba ya Ifakara ina adui mkuu mmoja, maji, na kalenda yake inafuata maji. Mwezi wa sita na wa saba mpunga umevunwa, kuna vijisenti, kuna jua: huo ndio wakati wa kazi nzito. Plasta ya chini iliyovimba kwa unyevu wa masika inabomolewa na kupigwa upya. Mchwa wamepanda ukutani kwa vichochoro vyao vya udongo. Unavipangusa leo, keshokutwa wamejenga vingine, basi unakwenda gereji kuomba oil chafu na kupaka fremu za milango mpaka nyumba nzima inanuka trekta. Shimo la choo linaangaliwa kabla halijajaa, maana masika yakikukuta nalo limejaa, utahama.

Halafu mwezi wa kumi. Joto limepanda hadi bati linalia mchana. Bati likipata moto linatanuka, usiku linasinyaa, na baada ya miaka ya kutanuka na kusinyaa msumari umelegea na tundu lake limepanuka. Ukiwa nje chini hulioni. Unapanda darini saa saba mchana, jasho linakutoka, unatafuta nyota. Kila nyota ni tundu. Unaliwekea alama, unapanda juu na kipande cha lami, au unatoa msumari na kutia mwingine mnene zaidi. Unasafisha gata lililojaa majani ya mwembe. Unakagua papi kama zimeoza. Na hapo hujagusa dirisha.

Sasa fikiria anafanya hivi miaka 20. Bati la mbele alilibadilisha lote. Milango miwili ni yake. Sakafu ya mzee ilikuwa ya udongo uliosilibwa, yeye akamwaga saruji. Kenchi za nyuma aliziweka upya baada ya mchwa kuzimaliza. Fumbo la Theseus limetimia, ila hapa halijibiwi na mwanafalsafa. Linajibiwa na dada mkubwa aliyetoka Dar jana usiku.

Dada ana hoja, tusimdharau. Anasema: wewe umekaa bure. Sisi tunalipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo Mbagala, wewe hujalipa hata senti. Huo ukarabati ndiyo kodi yako. Tena ukienda sokoni ukanunua kiberiti ukapikia, unakuja kutuambia jiko ni lako? Nyumba ni ya baba.

Mdogo wake naye anajibu: bila mimi, mngekuja kugawana kichuguu.

Nimesikia pande hizi mbili mara nyingi, na kila mara naona watu wanaopenda hekima wanakimbilia methali ya ufa na ukuta. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ni methali nzuri, lakini hapa haisaidii kitu, kwa sababu ni methali ya hesabu tu. Inakwambia kuziba ni rahisi kuliko kujenga. Haikwambii nani azibe wakati ukuta ni wa watu watano, wala haikwambii aliyeziba amepata nini. Na kwa kusema kweli hata hesabu yake si ya siku zote. Dungu la shambani, lile la kuamia ndege kwenye mpunga, halizibwi ufa. Linajengwa kwa miti na nyasi, linakaliwa msimu mmoja, linaachwa linaanguka, na hakuna aliyedhulumiwa. Wakulima wa bonde hili wanajua tangu zamani kwamba si kila kilichojengwa kinadai kutunzwa. Kwa hiyo wajibu hautoki kwenye ukuta wenyewe. Unatoka kwa watu walioamua kwamba ukuta huu uwangoje.

Na hapo ndipo aliyebaki anapoonewa. John Locke, yule Mwingereza wa karne ya 17, alifikiri mtu akiichanganya kazi yake na kitu kisicho na mwenyewe, kitu kinakuwa chake. Alikuwa anamfikiria anayefyeka pori. Mtu anayefyeka pori anaacha shamba. Unaweza kulinyooshea kidole. Anayejenga anaacha nyumba. Anayekarabati anaacha nini? Anaacha mvua ambayo haikuingia. Anaacha kenchi ambayo haikuanguka. Kazi yake ikifanikiwa haionekani, na ikionekana ujue imeshindwa. Hannah Arendt, katika kitabu chake cha 1958 kuhusu hali ya binadamu, alizitenganisha kazi zinazoacha kitu duniani na zile zinazorudiwa kila siku bila kuacha alama. Nakubaliana naye nusu. Kukarabati kunarudiwa, ndiyo, lakini bila marudio hayo kile alichokiacha mjenzi kisingekuwepo leo kugombewa.

(Na waandishi wetu nao wamekuwa upande wa mjenzi. Katika riwaya zetu nyumba inajengwa kwa mbwembwe, inaungua, inabomolewa, inarithiwa. Mtu anayepanda kutafuta nyota darini bado namtafuta.)

Ifakara ina mfano mwingine mkubwa wa jambo lisiloonekana kwa sababu halikutokea. Nyumba ya mzee, kama nyumba zote za wakati wake, iliachwa uwazi kati ya ukuta na paa. Haukuwa uzembe, ulikuwa wa kupitisha hewa na kutoa moshi. Bahati mbaya ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria, ambaye akifika ukutani hupanda juu na kupita humo. Hili si la kusadiki tu. Mji huu umechunguzwa mbu tangu 1957, Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara ambayo leo ni Taasisi ya Afya ya Ifakara. Mwaka 1997 kupitia mradi wa KINET vyandarua vya Zuia Mbu vilianza kuuzwa katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Wazazi waliovinunua wanakumbuka kazi yake: chandarua kilitakiwa kuchovywa dawa upya kila baada ya miezi kadhaa. Kununua ni siku moja. Kuchovya ni kila mara, na wengi walinunua ila hawakurudia kuchovya. Baadaye vikaja vyandarua vyenye dawa ya kudumu miaka, yaani wataalamu waliamua kututua mzigo wa kukumbuka. Tundu, hata hivyo, bado linashonwa kwa mkono.

Aliyebaki akaziba ule uwazi. Akaweka wavu madirishani, na kila mwaka anautengeneza pale watoto walipousukuma kwa viwiko. Krismasi dada anakuja na malalamiko: "Mbona mmefunga huku juu? Joto! Wakati wa baba hewa ilikuwa inapita." Ni kweli. Wakati wa baba hewa ilipita, na homa ikapita nayo. Hapa fumbo la meli linazidi kuwa gumu, maana Waathene walirudisha ubao uleule mahali palepale. Huyu ameisahihisha nyumba. Watoto waliolala humo bila kuamka na degedege ni matunda ya kazi ile, lakini utaitaja vipi kwenye kikao? "Kuna homa 30 ambazo hazikutokea"? Watakucheka.

Kuna anayeonewa zaidi ya huyu, na sipendi anavyopitwa haraka. Ni mke wake. Nyumba nyingi zinazoitwa "alizotunza kaka" zimetunzwa na shemeji. Kaka hupanda juu ya bati mara moja kwa mwaka, mtaa mzima unamwona. Jiko la uani la udongo linakandikwa na mkewe, kila masika yakiisha, na hakuna anayesimama kutazama. Ndiye anayeona kichochoro cha mchwa kwanza kwa sababu ndiye anayefagia. Mume akifa, anaambiwa nyumba ni ya ukoo, na kwa kweli ni ya ukoo, na yeye anafunga mizigo.

Mahakama zetu zimewahi kukutana na swali linalofanana na hili. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya wanandoa. Hukumu ile inasifiwa, na inastahili. Watu husahau tu kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu: mahakama iliona kuwa mume alikwisha kumpa pesa ya kuanzia biashara, na yeye akaitumia vibaya. Mchango ulitambuliwa, mkono ukarudi mtupu. Tena shauri lile lilihusu talaka. Shemeji wa Viwanja Sitini hakuachika, amefiwa, na nyumba haikuwa ya mumewe peke yake.

Basi, je, kutunza kunazaa haki? Mimi nasema hakuzai umiliki. Kungezaa umiliki, hakuna ndugu ambaye angethubutu kumwacha mwenzake azibe tundu. Na hofu hiyo ipo tayari. Watu wamesikia kwamba sheria yetu inaweka miaka 12 ya kudai ardhi. Wanaihesabu kwa vidole bila kujua masharti yake, na ndugu wa Dar anaanza kuuogopa mfuko wa saruji. Nimeona nyumba ikiachwa ivuje, kwa makusudi, kwa sababu warithi hawakutaka yeyote kati yao aitengeneze. Ukarabati uligeuka kuwa tuhuma. Nyumba ile leo ina mpapai sebuleni.

Lakini kusema si umiliki si kusema si kitu. Hoja ya dada kwamba ukarabati ni kodi ingekuwa na nguvu kama kodi hiyo ingeishia kwa mkaaji. Mpangaji anayelipa kodi hapati kitu nyumba ikipanda thamani, na nyumba isipotunzwa hasara si yake. Huyu ameishi, sawa, ameondoe kodi yake humo. Kinachobaki, zile kenchi, lile bati, ile saruji, kimelinda fungu la kila mmoja wa wale wanne waliokuwa mbali, nao walikuwa wanaelewa hivyo kila walipokuja kulala humo wakati wa misiba. Hilo ni deni. Litolewe kwanza, kabla ya kugawa kwa tano, na jina la shemeji liwe ndani yake.

Najua ugumu unapokuja. Deni linataka kumbukumbu. Aliyebaki afungue daftari: misumari kilo mbili, bati sita, fundi siku tatu. Siku atakayolitoa mbele ya ndugu, watamtazama kama wamemfumania. "Kumbe miaka yote ulikuwa unatuandika?" Kuandika kunamfanya ndugu kuwa mkandarasi. Kutoandika kunamfanya mjinga. Kwenye familia zetu tumependa awe mjinga, tukamwita mwema.

Kwangu mimi daftari liwepo, ila lisiwe la mmoja. Likae kwenye lile grupu la WhatsApp la familia, ambalo sasa hivi lina kazi ya kutumiana maua ya Jumapili na kukusanya rambirambi. Mwezi wa kumi aliyebaki apige picha za zile nyota za darini, azitume. Anayeweza atume chochote kwa simu, asiyeweza aseme hawezi, na aliyenyamaza ajulikane kuwa alinyamaza. Atakayekasirika kwa kutumiwa picha ya tundu la bati la baba yake, basi angalau swali la nyumba ni ya nani litakuwa limeulizwa mapema, wazee wengine wakiwa bado hai kulijibu.