Kufuatisha na Kufuata

Katika daftari la chekechea mwalimu huchora herufi kwa nukta, na mtoto hupitisha penseli juu yake. Kazi hiyo tunaiita kufuatisha. Mwaka unapoisha nukta huondoka, na mtoto huandika a yake mwenyewe, yenye tumbo kubwa na mkia mfupi. Haifanani na ya mwalimu, lakini ni a.

Huiwaza picha hii kila ninapoandaa somo la shule ya Jumapili. Waraka wa kwanza wa Petro, sura ya 2, unataja kielelezo alichotuachia Kristo, na neno la Kigiriki lililotumika pale ni hypogrammos, yaani maandishi ya mwalimu yaliyowekwa ili mwanafunzi ayanakili. Katika mstari uleule zinatajwa nyayo. Mkono unafuatisha, kisha mguu unafuata, na kati ya vitendo hivyo viwili ndipo malezi ya mtoto wa Kikristo yanapofanyika, au yanapokwama.

Siku moja niliwaambia watoto wamfuate Yesu. Mmoja akauliza atatembeaje juu ya maji naye hajui kuogelea. Wenzake wakacheka, lakini swali lilikuwa zito. Yesu alikuwa seremala, alisema Kiaramu, alitembea kwa miguu kutoka mji hadi mji. Hatumwambii mtoto ajifunze Kiaramu. Kumbe tunachagua, na anayechagua ana kipimo. Kipimo hicho amekipata wapi? Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alishikilia kwamba hata Mtakatifu wa Injili lazima kwanza alinganishwe na wazo letu la ukamilifu ndipo tumtambue kuwa mtakatifu. Kwake kipimo hutangulia mfano.

Mimi nimekaa na watoto, na kwao sijaona hivyo. Mtoto haanzi kwa kujua upole ni nini kisha akaenda kumtafuta mtu mpole. Humwona bibi akimpozea mgonjwa uji, kijiko baada ya kijiko, na neno upole likapata uso na mikono. Kipimo chenyewe huzaliwa kwa kumtazama mtu. Ndiyo maana naamini ni haki kumpa mtoto kisa kabla ya kumpa kanuni.

Chukua kisa cha Yohana 13. Njia zilikuwa za vumbi, viatu viliacha miguu wazi, na kuwaosha wageni miguu ilikuwa kazi ya mtumwa. Yesu akaondoka chakulani, akavua vazi la juu, akajifunga kitambaa kiunoni, akatia maji katika bakuli, akaanza kuwatawadha wanafunzi wake miguu. Petro alikataa kwanza, haya ilimshika. Makanisa mengi hulirudia tendo hili kila Alhamisi Kuu, na linanigusa kila mara. Lakini mtoto akienda shuleni Jumatatu na beseni ili awaoshe wenzake, amefuatisha tu. Pengine kwake kufuata ni kukaa dawati moja na yule anayechekwa kwa kigugumizi, na kumngoja hadi amalize sentensi yake. Hapo hakuna aliyemchorea nukta. Lazima auone mwenyewe mguu wenye vumbi mahali ambapo hapana mguu wala vumbi.

Kuna jambo linaloniuma. Sisi wakubwa mara nyingi tunamgeuza Yesu kuwa fimbo: Yesu hakuwa msumbufu, Yesu hakuwauliza wakubwa maswali mengi. Luka sura ya 2 inasema vingine. Katika Injili zote nne ni pale tu tunaposikia sauti ya Yesu akiwa mtoto. Ana miaka 12, amebaki Yerusalemu baada ya Pasaka, na wazazi wake wamekwenda mwendo wa siku nzima kabla ya kugundua. Siku ya tatu wanamkuta hekaluni, ameketi kati ya walimu, akiwasikiliza na kuwauliza. Mama yake anamweleza uchungu wake. Naye anajibu kwa swali. Kisha anarudi nao Nazareti na kuwatii. Maswali na utii vimo katika kisa kimoja, na anayemkatia mtoto kipande kimoja tu amempa Yesu nusu. Luka anaongeza kwamba aliendelea kukua katika hekima. Mwenyewe alikua! Kama ukamilifu ungekuwa hali ya kutojifunza, mtoto angebaki mlangoni akimtazama kwa mbali.

Jumapili iliyofuata niliwasimulia watoto wale habari ya kutawadha miguu. Yule wa swali la maji alisikiliza hadi mwisho, kisha akainua mkono.

“Na Yuda aliyemsaliti, naye alioshwa?”

“Alikuwa bado hajatoka nje. Naye alioshwa.”

Hakusema tena. Aligeuka taratibu, akamtazama mwenzake mmoja aliyekaa benchi la nyuma.