Mpanda Ngazi Hushuka



Katika mabaraza yetu, yawe ya Muscat, Dubai au London, kuna ubishi usiokwisha. Sisi wa makamo twasema magari ya kweli yalikuwa yale ya Marekani ya zamani, yaliyotiwa injini kubwa ya silinda 8, yakinguruma mtaa mzima ukasikia. Vijana wanatucheka. Wanasema gari la leo lina nguvu zaidi, linakwenda mbio zaidi na halimuui mwenyewe kwa urahisi. Ubishi huu unaonekana wa mchezo, lakini ndani yake mna suala la haki: nguvu ya mtu ni ipi, na nani hubeba hasara yake?

Tuanze na sisi wazee. Aprili 1964, miezi mitatu baada ya mapinduzi yaliyowatawanya wengi wa jamaa zetu kutoka Zanzibar, Ford walitoa Mustang. Ilipofika 1970 Chevrolet waliuza Chevelle yenye injini ya lita 7.4 na nguvu za farasi 450. Mwaka huohuo Sultani Qaboos alishika utawala, na lami katika Oman nzima ilikuwa kilomita 10 tu hivi. Basi wengi wetu magari yale tuliyapenda kwa picha na senema kabla ya kuyagusa.

Sisi wahandisi tunajua pia kwamba ile 450 ina chumvi. Viwanda vilikuwa vikiipima injini peke yake juu ya meza, bila ya vikorokoro vinavyoila nguvu. Walipoanza kuipima na vyombo vyake vyote, mnamo 1972, tarakimu zikaanguka. Na mengi ya magari hayo yaliuzwa na breki za ngoma kwenye magurudumu yote manne. Yalijua kukimbia kuliko yalivyojua kusimama. Tukisema yalimfunza dereva adabu, tukumbuke na wale waliokufa kabla ya kumaliza somo. Dodge walipotoa Charger Daytona ya umeme, waliitia chombo maalumu cha kutoa mngurumo. Wanawajua wateja wao: tunachokililia zaidi ni ile sauti.

Sasa vijana. Challenger Hellcat ya 2015 ilikuja na farasi 707, na kompyuta inayolinda tairi zisiteleze na gari lisipinduke kwenye kona. Kazi hii ilianza polepole: breki zisizojifunga ziliingia kwenye Mercedes mwaka 1978, na chombo cha kulinyoosha gari linapoteleza kikafuata 1995. Ni neema, nasi hatuikatai. Lakini kompyuta hugawa mshiko uliopo baina ya tairi na lami, haiwezi kuuongeza. Kijana anapokata kona bila ya kuyumba, hudhani ustadi ni wake. Ameuazima, na hajui kiasi alichoazima hadi siku mshiko unapokwisha.

Tuupeleke ubishi huu Birkat al Mauz, mji wa migomba na mitende karibu na Nizwa, chini ya Jebel Akhdar. Hapo ndipo inapoanzia barabara ya kupanda hadi Saiq, mita zipatazo 2,000 juu ya bahari. Barabara ni ya lami, pana na nzuri. Hata hivyo polisi wameweka kizuizi chini ya mlima, na hawapitishi gari lisilovuta kwa magurudumu yote manne. Mustang ya 1967 iliyong'arishwa itarudishwa. Challenger ya farasi 707 itarudishwa. Land Cruiser kuukuu yenye vumbi itapita.

Kwa nini? Magari yote matatu yana nguvu ya kupanda. Kazi iko kwenye kushuka. Gari la tani 2 likishuka mita 1,000, joto linalotokana na kulizuia latosha kuchemsha lita 60 za maji. Joto hilo likiachiwa breki peke yake, breki hufa. Dereva wa mlimani hutia gia ya chini, injini ikalishika gari. Ndiyo maana pembeni mwa barabara ile zimechongwa njia za kuokolea magari yaliyokatika breki. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka.

Katika mji huohuo upo Falaj al-Khatmain, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Maji hushuka kwa mteremko tu, bila ya pampu, na hugawiwa kwa zamu. Mteremko unaoweza kuua huku unanywesha mashamba kule, kwa kuwa wenyewe waliupima kwanza.

Kwetu sisi, nguvu ya mtu ni ile awezayo kuizuia. Inayobaki inamchukua yeye, na huwachukua na wengine ambao hawakuulizwa. Mwaka 2012 barabara za Oman ziliua watu zaidi ya 1,100. Mtoto anayevuka njia hana hisa katika raha ya dereva, na hajali kama gari ni la kale au la sasa.

Basi, ndugu zetu, tunapotaka kumzawadia kijana gari kwa kufaulu masomo, tusimuulize lina farasi wangapi. Tumuulize: ukizidisha mwendo mara mbili, breki zitakuhitajia masafa mara ngapi ili usimame? Jawabu ni mara nne, kwa gari la babu na kwa gari lake. Asiyejua, funguo zisubiri.

Wenye rai nyingine watuandikie.